Zege la matundu juu ya mchanga wa pwani: fundi anaogopa nini?

Dada mmoja wa Kigamboni ameniandikia. Kwa ufupi: mbele ya nyumba yake pana uwanja wa mita 6 kwa 12, mchanga mtupu, na magari mawili hulala hapo. Masika yakiingia, maji hutuama mpaka karibu na kizingiti. Amesikia habari za zege linalopitisha maji, na anataka kulimwaga uwanja mzima, kisha bomba la maji ya paa alielekeze humo humo. Fundi wake amegoma. Anasema mchanga utaondoka na maji, zege litabaki linaning'inia kama daraja. Dada anauliza amsikilize nani, na kama kazi inawezekana, ifanyweje.

Dada yangu, fundi wako usimfukuze. Hofu yake ni ya kweli, nami nimeiona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutazama uwanja wa nyumba moja ya pwani. Zege la matundu lilikuwa halijamaliza hata masika mawili. Kona ya chini ya uwanja, ukiigonga kwa nyundo, ililia kama ngoma. Tukakata kipande cha nusu mita kila upande na kukinyanyua. Chini yake palikuwa na pango la kuingia ndoo mbili za lita 20, kuta zake laini kama zimepapaswa kwa mkono. Kutoka pangoni, njia nyembamba ya mchanga mweupe uliooshwa ilipita chini ya ukingo mpaka kwenye mtaro wa jirani. Zege lenyewe lilikuwa zima, bila ufa. Kokoto za chini zilikuwepo, ila zimezama na kujaa mchanga. Aliyejenga alihangaikia maji tu, na maji yalipita vizuri kweli. Mchanga nao ukafuata.

Basi shika hilo kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji. Katika kazi hii maji yana njia zake, utayapa. Kila hatua jiulize: punje ya mchanga itakwenda wapi?

Zege la matundu ni zege la kawaida lililonyimwa mchanga. Kokoto za ukubwa mmoja hupakwa uji mzito wa saruji, zikashikana pale zinapogusana tu, na kati yake hubaki nafasi zilizoungana. Nafasi hizo huwa kama asilimia 15 hadi 25 ya zege lote, na tundu moja moja huwa na upana wa milimita 2 hadi 8. Si jambo geni. Uingereza walijenga nyumba za zege lisilo na mchanga tangu 1852, wakitafuta kupunguza saruji. Kwa viwanja na maegesho, Wamarekani wa Florida ndio waliolizoea mapema, kuanzia miaka ya 1970, na sababu yao inatuhusu: ardhi bapa ya mchanga, joto, na mvua inayoshuka kwa fujo. Kwa hiyo mchanga chini ya zege hili si kosa. Ni udongo mzuri kuliko mfinyanzi, kwa sababu unakunywa maji. Ila unakunywa maji na kutembea nayo.

Sasa linganisha vipimo. Mchanga wa pwani yetu mara nyingi una punje za milimita 0.2 hadi 0.5. Tundu la zege ni milimita 2 hadi 8, na nafasi kati ya kokoto za robo tatu ya inchi zinazotandikwa chini ya zege ni pana vilevile. Punje nne au tano za mchanga zinaweza kushikana mabega na kuziba mdomo wa tundu dogo, zikasimama kama tao. Mdomo ukiwa mpana mara kumi au ishirini ya punje, tao halisimami, hasa maji yakiwa yanakwenda na kurudi na tairi linakandamiza juu. Punje zinaanguka ndani moja moja.

Karl Terzaghi, anayehesabiwa baba wa uhandisi wa udongo, alituachia kanuni ambayo bado tunaitumia. Chukua mchanga wako uupitishe kwenye machekeche, utafute ukubwa ambao asilimia 85 ya mchanga ni mdogo kuliko huo. Kisha chukua tabaka la mawe linalogusana nao, utafute ukubwa ambao asilimia 15 ya mawe ni madogo kuliko huo. Kipimo cha mawe kisizidi mara 4 au 5 ya kile cha mchanga. Kwako, tuseme mchanga unatoa 0.5 na kokoto zinatoa 10. Hiyo ni mara 20. Fundi wako hajawahi kuifanya hesabu hii, lakini jibu lake ndilo hilo hilo: mchanga utaingia.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni tabaka la kati: chenga za mawe za milimita 2 hadi 6, zilizochekechwa zikatolewa vumbi, unene wa sentimita 7 hadi 10. Chenga zinauzuia mchanga, na kokoto zinazuia chenga. Ya pili ni kitambaa cha jiotekstaili, kile kizito kinachofanana na blanketi, kinatandikwa juu ya mchanga na kupandishwa kwenye kuta za shimo la kokoto, vipande vikilaliana nusu mita. Kitambaa ni rahisi na cha haraka. Mimi binafsi, mchanga ukiwa safi, napenda chenga, kwa sababu hazichaniki fundi akikanyaga na toroli. Lakini ukipata chenga zenye vumbi jingi, heri kitambaa, maana vumbi lile litageuka tope na kuziba kila kitu. Usitumie nailoni wala gunia la saruji mahali pa kitambaa. Nimeona yote mawili.

Hayo ni ya baadaye kidogo, kwa sababu kuna jambo katika barua yako lililonisimamisha. Unasema uwanja ni mchanga mtupu na maji yanatuama. Mchanga safi hautuamishi maji. Allen Hazen, Mmarekani aliyechunguza vichujio vya maji mwishoni mwa karne ya 19, alitoa kanuni rahisi: chukua ukubwa wa punje ambao asilimia 10 tu ya mchanga ni mdogo kuliko huo, kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, unapata kasi ya maji kwa sentimita kwa sekunde, kwa kukadiria. Punje ya 0.2 inatoa 0.04, yaani zaidi ya mita moja na robo kwa saa. Hakuna mvua ya Dar inayofika huko. Kwa hiyo uwanja wako una siri, na lazima uijue kwanza.

Chimba shimo la upana wa koleo, kina cha mita moja na nusu, katikati ya uwanja, na jingine upande wa chini. Tazama kuta zake wakati zikiwa mbichi. Ukikuta ganda gumu la kijivu sentimita 10 au 15 za juu, kisha mchanga mlegevu, hilo ni vumbi na tope vilivyoshindiliwa na tairi kwa miaka. Hilo linaondoka na kazi ya kuchimba, umepona. Ukikuta baada ya nusu mita au mita udongo unaonata, unaoweza kuufinyanga kidole, basi una tabaka la mfinyanzi chini, jambo la kawaida katika mchanga wa Dar es Salaam. Hapo zege la matundu linafaa, ila litakuwa tangi la kuhifadhi maji zaidi ya kuwa chujio, na utahitaji bomba la kutolea maji likipita kiasi.

Ya tatu ndiyo mbaya. Ukichimba ukakuta maji, au mchanga unaoporomoka kwa unyevu, hayo ni maji ya ardhini. Karibu na bahari hupanda masika na kushuka kiangazi. Usipime Januari ukafurahi. Muulize jirani mwenye kisima cha kuchimba kwa mkono: mwezi wa Mei maji yanasimama wapi? Chini ya kokoto zako pabaki angalau sentimita 60 za mchanga mkavu hata Mei, na mita moja ni bora. Pasipobaki, acha mradi huu. Zege lolote la matundu litajaa kutoka chini, na pesa zako zitakuwa zimenunua dimbwi la zege. Hapo dawa ni kunyanyua uwanja na kupeleka maji mtaroni.

Shimo likiwa kavu, lipime kiu. Mwaga maji mpaka kuta zishibe, acha yaishe, kisha jaza tena sentimita 30 na utazame saa. Andika maji yameshuka kiasi gani kila dakika kumi. Shimo dogo hudanganya kwa kuwa maji yanaingia pia ubavuni, kwa hiyo jibu utakalopata ligawe kwa tatu au nne kabla ya kuliamini.

Sasa bomba la paa. Nikadirie paa lako ni mita za mraba 150. Mvua kali ya milimita 50 kwa saa moja, inayoweza kushuka hapa kwetu, inaleta lita 3,600 kwenye uwanja wenyewe, na lita 7,500 kutoka paani. Jumla lita 11,100. Ukizitandaza juu ya mita 72 za mraba ni sawa na milimita 154 za maji kwa saa hiyo moja. Uwezo wako wa kuyapokea ni huu: zege la sentimita 15 lenye matundu asilimia 20 linabeba milimita 30. Kokoto za sentimita 20 chini yake, zenye nafasi asilimia 40, zinabeba milimita 80. Jumla 110. Mchanga ukinywa milimita 50 au zaidi kwa saa, paa linaingia, kwa shida. Ukinywa 30 tu, maji yatatokea juu. Bila paa, hata mchanga wa milimita 10 kwa saa unakutosha.

Kwa hiyo usiamue bomba sasa. Pima shimo kwanza. Na hata ukiamua kuliingiza, lipitie kwanza chemba ndogo yenye wavu na kitulizo cha mchanga, maana paa letu huleta majani, kinyesi cha ndege na vumbi la msimu mzima katika dakika tano za mvua ya kwanza. Tena liingie nusu ya mbali ya uwanja. Kando ya ukuta wa nyumba weka ukanda wa zege la kawaida wa mita moja unaoinamia nje, na sakafu ya shimo la kokoto nayo iiname kidogo kuelekea mbali na msingi. Sitaki maji ya paa yaloweshe mchanga uliobeba nyumba yako. Na kama shimo la maji taka au kisima kiko karibu na uwanja, nijulishe kabla hujaanza, kwa sababu maji yanayonyonywa kwenye mchanga hayatambui mpaka wa kiwanja.

Kuhusu kushindilia. Hapa ndipo mabishano ya mafundi na wahandisi huwa marefu, na kila mtu ana nusu ya ukweli. Mchanga mlegevu ukilowa na kutikisika hujipanga upya na kushuka, na zege lililolala juu yake halipindi, linapasuka. Kwa hiyo lazima ushindiliwe. Lakini ukiushindilia kupita kiasi unaunyima kiu. Kwa mchanga safi hasara hiyo ni ndogo. Kwa mchanga wenye mfinyanzi ni kubwa, na huo ushindilie kwa kiasi tu.

Mchanga wenye unyevu kidogo ndio mgumu kuushindilia. Utando wa maji kati ya punje unazivuta pamoja, zinashikana zikiwa zimelegea, kama kasri la watoto ufukweni. Unaonekana mgumu, kumbe umejaa nafasi, na siku mafuriko yakiingia utando wote unakatika mara moja. Ndiyo maana mimi huagiza mchanga ama uwe mkavu kabisa, ama uloweshwe kwa mpira wa maji mpaka ushibe, kisha mashine ya bapa inayotetemeka ipite mara tatu, nne, kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Mchanga wa namna hii haushindiliwi kwa kugonga na kigogo. Unashindiliwa kwa kutetemeshwa.

Siku ukienda ufukweni asubuhi bahari imejaa halafu inarudi, kanyaga mchanga uliokoshwa na wimbi sasa hivi. Utaona kuzunguka unyayo wako mchanga unageuka mweupe, kama umekauka ghafla. Haukukauka. Punje zilizobanana, ukizisukuma, lazima zipandiane ili zipite, nafasi kati yake zinapanuka, na maji ya juu yanavutwa ndani kuzijaza. Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo mwaka 1885. Kwetu lina faida kubwa. Uso wa chini wa zege la matundu si laini, ni kokoto zilizojitokeza. Mchanga uliobanana ukijaribu kuteleza chini yake hauwezi kuteleza tu, lazima upandiane, na ukipandiana unasukuma juu na kujikaza zaidi. Ndiyo maana mchanga uliobanana hulishika zege lenye uso wa kokoto karibu kwa nguvu zile zile ambazo mchanga hujishika wenyewe, wakati kwenye zege lililosuguliwa laini hushika kidogo. Mchanga mlegevu haufanyi hivyo. Huo unashuka, na mshiko unapungua. Tabia hizi mbili za mchanga ule ule zinatengwa na mashine ya kushindilia ya saa mbili.

Kwa sababu hiyo hiyo wahandisi wameanza kulichunguza zege hili hata likiwa nguzo zinazoshushwa ardhini, mahali pa nguzo za kokoto tupu. Mwaka 1964 kule Niigata, Japani, tetemeko liligeuza mchanga uliojaa maji kuwa kama uji, na majengo ya ghorofa yakalala ubavu bila kuvunjika. Nguzo inayotoa maji haraka hupunguza ule msukumo wa maji kati ya punje, na nguzo ya zege la matundu ina nguvu kuliko kokoto zisizoshikana. Lakini hilo ni la majengo makubwa. Uwanja wako hauhitaji nguzo.

Unachohitaji ni ukingo. Pale kwenye ile nyumba niliyokueleza, pango lilianzia ukingoni. Maji yakishajaa kwenye kokoto hutafuta upande wa chini, na mchanga ukiwa wazi ubavuni hutoka nayo, punje kwa punje, kuanzia nje kurudi ndani, mpaka njia imefunguka. Mwaga ukingo wa zege la kawaida kuzunguka uwanja, ushuke sentimita 15 chini ya sakafu ya kokoto, na kitambaa kipandishwe ndani yake mpaka juu. Uwanja ukiwa na mteremko, gawa shimo la kokoto kwa vizuizi vya zege kila mita 4 ili maji yasimame vyumbani, yasikimbie. Hapo usibane pesa. Kata unene wa kokoto kama ni lazima, ukingo uuache.

Mchanganyiko fundi ataumudu. Kokoto za nusu inchi za mawe magumu, kama zile za machimbo ya Lugoba. Za matumbawe ni laini na huvunjika pembe zikipitiwa na mashine. Mifuko 6 au 7 ya saruji ya daraja la nguvu la 42.5 kwa mita moja ya ujazo, na maji kidogo sana, lita 15 hivi kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye kokoto. Kipimo cha mkono ni hiki: fumbata konzi la zege, ufungue. Likibomoka, maji yamepungua. Likiacha uji kiganjani na matundu yakajaa, maji yamezidi, na uji ule utashuka chini na kuziba tabaka la chini. Likibaki donge lenye mng'ao kama chuma kilicholoa, limefika. Lisitetemeshwe na lisisuguliwe kwa mwiko. Lisawazishwe kwa ubao, lipitiwe na rola nyepesi, na ndani ya dakika 20 lifunikwe nailoni kwa siku 7. Jua la Dar hunywa maji ya zege hili haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo anzeni alfajiri. Nondo wala wavu wa chuma usiweke. Hewa na chumvi ya bahari vinaingia kila tundu, chuma kitavimba na kupasua.

Likiiva, pima. Chukua ndoo iliyokatwa kitako yenye upana wa sentimita 30, ibandike juu ya zege kwa udongo wa mfinyanzi kuzunguka. Lowesha kwanza kwa lita 3 au 4, kisha mimina lita 18 ukiyaacha maji yasimame kidole kimoja tu juu ya zege. Yakiisha kwa dakika moja, zege lako linapitisha karibu mita 15 kwa saa. Andika namba hiyo ukutani mahali. Rudia kila mwaka kabla ya masika, mahali pale pale.

Na hapo nirudi kwenye mchanga kwa mara nyingine, safari hii wa juu. Nyumba zetu za pwani hufagiliwa kila asubuhi, na ufagio wa chelewa ni hodari: unakusanya mchanga wote wa uwanja na kuupenyeza kwenye matundu, safu kwa safu. Waambie wanaofagia waanzie kwenye zege na kutoka nje, mchanga ukusanywe upande wa ardhi. Pale geti linapoanzia weka mita moja ya kokoto zisizoshikana ili tairi zijifute. Mwembe au mkungu usining'inie juu yake. Mara mbili kwa mwaka lipige kwa mashine ya kuoshea magari, mdomo wa bomba ukiwa umelala, usisimame wima, ili uchafu urushwe nje badala ya kusukumwa ndani. Mchanga wa pwani kwa kuwa ni mkubwa hutoka. Tope jekundu la barabara likishakauka ndani halitoki.

Chimba mashimo yale mawili wiki hii, fundi wako awepo, na umwache yeye ashike koleo na saa. Kisha niandikie mambo matatu: udongo uliobadilika rangi ulianzia kina gani, maji yalishuka sentimita ngapi kila dakika kumi, na jirani kasema maji ya kisima chake husimama wapi mwezi wa Mei. Nikishayapata, nitakuambia kokoto ziwe nene kiasi gani, na kama bomba la paa liingie au lipelekwe mtaroni.